Ufunguo wa chumba cha pili unafungua changu

SWALI: Tumepanga nyumba watu wanne, kila mmoja na chumba chake. Nisipokuwepo wenzangu huingia kwangu kuchukua chaja, pasi, hata nguo. Usiku mlango hufunguliwa bila hodi. Sasa nimegundua ufunguo wa chumba cha pili unafungua changu. Mwenye nyumba hataki mlango utobolewe. Nifanyeje?

JIBU: Si ajabu. Vitasa rahisi vya milango ya ndani, vile vya ufunguo mrefu wenye meno machache, hutengenezwa kwa mitindo michache tu ya funguo, hivyo viwili kufanana ndani ya nyumba moja ni jambo la kawaida. Badili kitasa chenyewe. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe kwanza: hakuna tundu jipya, yeye atapata ufunguo wa akiba, na siku ya kuhama utarudisha cha zamani. Kitunze pamoja na skrubu zake.

Toa vishikio, kisha skrubu mbili za ukingoni mwa mlango, uchomoe kitasa. Chukua vipimo vinne: kina cha boksi (mwili wa kitasa unaozama ndani ya mlango), urefu wa bamba la ukingoni, umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, na kutoka katikati ya kishikio hadi katikati ya tundu hilo. Kipimo cha mwisho ndicho husahaulika, na kikipishana kwa milimita 5 tu vishikio vyako havitakaa. Salama zaidi ni kwenda dukani na kitasa chenyewe mkononi.

Tafuta cha silinda, yaani chenye kipande cha kuingizia ufunguo kinachochomoka na kubadilishwa peke yake, ikiwa vipimo vinakubali. Na kama mlango tayari una silinda, kazi ni ya dakika kumi: fungua skrubu moja ndefu iliyo ukingoni usawa wa silinda, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana huku ukivuta. Ikikwama usiigonge. Kile kijino cha katikati hakijalala sawa na mwili wa silinda. Peleka ufunguo kushoto na kulia taratibu hadi itoke. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha, maana silinda ya milimita 70 yaweza kuwa 35 kwa 35 au 30 kwa 40. Isichomoze nje zaidi ya milimita 3, isije ikashikwa kwa koleo na kuvunjwa.

Upande wa ndani chagua kitufe cha kuzungusha badala ya tundu la ufunguo. Moshi ukijaa gizani, hutaki kupapasa ukitafuta funguo.

Jaribu kufunga na kufungua mara kadhaa mlango ukiwa wazi. Wanaojaribu mlango ukiwa umefungwa ndio huishia kumwita fundi. Kisha ufunge, uangalie kama ulimi unazama wote ndani ya fremu. Ukiishia nusu, huenda bawaba zimelegea na mlango umeshuka. Kaza skrubu zake. Zikizunguka bure, jaza matundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao, viache vikauke, ndipo uzirudishe.

SWALI: Je, kufuli la nje au kabari ya mpira havitoshi?

JIBU: Kufuli la nje hatulipendi. Linadai matundu uliyokatazwa, mara nyingi skrubu za pete yake hubaki wazi kwa yeyote mwenye bisibisi, na ukiwa ndani mtu anaweza kukufungia. Kabari ni nzuri kwa usiku, mradi mlango unafungukia ndani. Kwenye vigae vyenye vumbi au maji huteleza, kwa hiyo futa sakafu na uisukume kwa mguu upande wa kishikio, mbali na bawaba. Ukiondoka kwenda kazini haikusaidii kitu.