Msomaji Anauliza: Je, Bakteria Huyu wa Utumboni ni Spishi Mpya?

Swali: Tumeotesha bakteria kutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye afya njema. Jeni yake ya 16S (jeni inayotumika kutambulisha bakteria) inafanana kwa asilimia 98.2 na ya spishi iliyo karibu naye kuliko zote. Tutangaze spishi mpya? (Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro)

Jibu: Bado. Kwanza, mmesoma jeni nzima, yaani takriban herufi 1,500? Kipande cha herufi 400 kinapotosha, kwa sababu jeni hii ina sehemu zinazobadilika upesi na nyingine ambazo karibu hazibadiliki. Asilimia itategemea mmeangukia wapi.

Kagueni pia grafu ya usomaji. Vilele viwili vikipandana mahali pamoja, shuku kwanza kwamba mna bakteria wawili, ingawa mara nyingine ni nakala mbili tofauti za jeni hiyo ndani ya bakteria mmoja. Chukueni koloni moja, mlitandaze kwenye sahani mpya ya agari (chakula kilichogandishwa cha kuoteshea bakteria), mrudie angalau mara tatu, ndipo msome upya. Na linganisheni na bakteria kielelezo wa kila spishi jirani, yaani yule ambaye jina la spishi limefungwa kwake. Jibu la kwanza kwenye hifadhidata halitoshi, maana mifuatano mingi huko imepewa majina yasiyo sahihi.

Chini ya asilimia 98.7, uwezekano wa spishi mpya ni mkubwa. Juu yake, msikate tamaa: Streptococcus pneumoniae na Streptococcus mitis wanafanana kwa zaidi ya asilimia 99 kwenye 16S, na bado ni spishi mbili. Anayeamua ni jenomu, yaani DNA yote ya bakteria. Wastani wa ufanano wa jenomu ukiwa chini ya asilimia 95 hadi 96, na kipimo cha kompyuta cha kuungana kwa DNA kikiwa chini ya asilimia 70, hapo mna hoja ya kusimama nayo.

Swali: Kwenye hadubini tunawaona bakteria wengi wa utumboni, lakini kwenye sahani hawaoti. Tunakosea wapi? (Fundi wa maabara, Mombasa)

Jibu: Mara nyingi ni oksijeni. Wengi wa utumbo mpana hawaivumilii, hivyo sampuli iingie mapema kwenye chombo kisicho na hewa. Mchanganyiko unaotumika sana ni naitrojeni asilimia 85, kabonidioksaidi 10 na haidrojeni 5, pamoja na kichocheo cha paladiamu kinachounganisha haidrojeni na mabaki ya oksijeni. Sahani nazo zikae humo saa 24 kabla ya kutumika. Agari iliyotoka kabatini imebeba oksijeni. Kwenye chakula cha kuoteshea wekeni sisteini, inayoondoa oksijeni, gramu 0.5 kwa lita, na resazurini, rangi ya kuonyesha oksijeni, miligramu 1 kwa lita. Chakula kikigeuka waridi, oksijeni imeingia.

Kosa la pili ni kuwapa chakula kinono mno, kwani wanaokua haraka huwafunika wengine. Wanasayansi wa Wageningen, Uholanzi, walitumia musini, protini ya ute kutoka tumbo la nguruwe, kuwa chanzo pekee cha kaboni na naitrojeni. Wakazimua sampuli hatua kwa hatua hadi wakabaki na aina moja inayokula ute huo. Mwaka 2004 wakaitangaza: Akkermansia muciniphila, kwa heshima ya Antoon Akkermans, mtaalamu wa ikolojia ya vijidudu. Jamaa yake wa karibu, Verrucomicrobium spinosum, alifanana naye kwa asilimia 92 tu kwenye 16S, kwa hiyo ilibidi iundwe jenasi mpya kabisa.

Swali: Jina la spishi mpya ya bakteria linakubalika lini? (Msomaji, Kampala)

Jibu: Chini ya kanuni za kimataifa za majina ya bakteria, kielelezo lazima kiwe hai na kiwekwe kwenye hazina mbili za umma za kuhifadhi vijidudu, katika nchi mbili tofauti, bila masharti ya kumzuia mtafiti mwingine kukipata. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hukwama. Vibali vya kusafirisha viumbe nje ya nchi huchukua muda, na vikiwa na masharti makali, jina halipiti. Ombeni kibali mkiwa bado mnasoma jenomu, na wakati huohuo hifadhini nakala kwenye gliseroli asilimia 20, kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Mkichapisha nje ya jarida rasmi la kanuni hizo, pelekeni makala na vyeti vya hazina huko, jina liingizwe kwenye orodha ya uthibitisho.