Fundi Anajibu: Gari Jepesi la Injini ya Pikipiki

SWALI: Ndugu Fundi, salamu nyingi kutoka Katuba, Lubumbashi. Nina umri wa miaka 26 na ninachomelea milango na madirisha ya chuma katika karakana ya mjomba wangu. Nimesoma kwamba huko Uingereza watu huunda magari madogo nyumbani na kuyatia injini za pikipiki. Ninayo injini nzima ya Bajaj Boxer 150, pamoja na mabomba ya chuma yaliyobaki kazini. Nataka kuunda gari la watu wawili hapa uani kwetu. Je, injini hiyo itatosha, na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yetu wa Katuba, nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonitia wasiwasi si injini bali hayo mabomba yaliyobaki. Mchomeleaji wa milango amezoea kuunda kitu kizito cha kumshinda mwizi, ilhali gari la namna hii linataka kinyume chake. Bomba la mraba la milimita 40, lenye unene wa milimita 3, lina uzito wa kilo 3 na nusu kwa kila mita. Bomba la milimita 25 lenye unene wa milimita 1.5 lina kilo 1.1 tu. Tukisema fremu yako itakula mita 40, la kwanza litakupa kilo 140 na la pili kilo 44. Tofauti hiyo ni sawa na mtu mzima mnene ambaye utambeba kila siku bila kumtoza nauli.

Utauliza bomba jembamba litahimili vipi mashimo ya barabara zetu. Pigilia vijiti vinne kwa misumari upate mraba, kisha usukume pembe moja: mraba utalala. Ongeza kijiti cha tano kutoka pembe hadi pembe, usukume tena, na hautasogea. Ndiyo sababu kila uwazi wa mraba katika fremu unastahili bomba la mshazari, na ndiyo sababu magari mengi ya aina hii hayana milango ya kawaida, bali abiria huruka ubavu na kujitumbukiza kitini. Usikubali kuondoa mshazari kwa ajili ya mlango mzuri. Najua mafundi wa milango mtaona uchungu.

Katika kuchomelea, laza fremu juu ya meza iliyonyooka, ushikize viungo vyote kwanza kwa nukta ndogo, upime mishazari yote miwili ya kila mraba hadi ilingane, ndipo uanze kujaza, ukihama kutoka upande huu hadi ule. Ukimaliza kona moja yote kabla ya kugusa nyingine, joto litavuta chuma na utajikuta na gari ambalo gurudumu moja haligusi chini. Tumia pia elektrodi nyembamba na umeme mdogo, kwa sababu mkono uliozoea malango hutoboa bomba la milimita 1.5 kabla hujavuta pumzi.

Sasa injini. Boxer 150 hutoa takriban nguvu za farasi 12, lakini Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo unabaki na kumi na nusu hivi. Pikipiki hiyo ikiwa na watu wawili ina uzito wa kilo 270 hivi. Gari lako, hata likiwa na kilo 300 tu, litafika 450 mkishakaa. Wale Waingereza uliowasoma hufuata umbo la Lotus Seven, gari jepesi ambalo Colin Chapman alilileta mwaka 1957, na baadhi yao hulitia injini kama ile ya Honda CBR900RR ya mwaka 1992, yenye sentimita za ujazo 893 na nguvu za farasi takriban 120. Hiyo ni mara kumi ya yako, basi usijipime nao.

Hata hivyo injini yako itavuta, mradi ubadilishe uwiano wa cheni. Tuseme sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, ina meno 14 na ya nyuma 42: sproketi ya mbele inazunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara moja. Weka nyuma sproketi ya meno 56, na uwiano utakuwa 4 kwa 1. Mvuto unaongezeka kwa theluthi, na mahali ambapo ungekwenda kilomita 90 kwa saa kwa mizunguko ileile ya injini, sasa utakwenda 67. Gurudumu dogo kuliko lile la pikipiki litaongeza mvuto zaidi na kupunguza mwendo zaidi. Usipofanya hivyo, klachi ndiyo itakayolipa, maana utakuwa unaisugua kila unapoondoka.

Jambo ambalo wengi hulikumbuka siku gari linapotoka uani ni kwamba pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Ningekuwa wewe, ningeiuza Boxer na kutafuta pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu iliyoharibika bodi, kwa sababu nyingi zina injini ya sentimita za ujazo 200, ekseli ya nyuma yenye difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti), na gia ya kurudi nyuma. Difu ni muhimu: ekseli iliyofungwa moja kwa moja hulazimisha magurudumu mawili kwenda sawa kwenye kona, na gari hukataa kupinda.

Usukani, mikono ya magurudumu ya mbele na breki zitoe kwenye gari dogo lililokwisha. Breki ziwe za mafuta kwa magurudumu yote manne, zenye mifumo miwili, ili bomba moja likipasuka mfumo mwingine bado uweze kusimamisha gari. Hapa usibuni chochote. Ikiwa injini inapozwa kwa hewa, usiifunge ndani ya bodi bila feni na njia ya upepo, na chujio cha hewa kiwe juu, mbali na vumbi jekundu la kiangazi. Habari ya namba, bima na ukaguzi iulize kwenye ofisi husika kabla ya kununua bomba la kwanza, siyo baada ya kupaka rangi.

SWALI: Fundi, mimi wa Kampemba tayari nina injini ya pikipiki kubwa ya silinda nne ndani ya gari langu. Kwenye kona ndefu taa ya mafuta ya injini (oili) inawaka, kisha inazimika. Kiwango cha mafuta ni sawa. Niendelee kuliendesha?

JIBU: Hapana, ndugu, liegeshe leo. Pikipiki huinama kwenye kona, kwa hiyo mafuta hubaki chini ndani ya sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya injini. Gari lako haliinami, mafuta yanapanda ukutani, pampu inavuta hewa, na beringi za krenki (mhimili mkuu wa injini) zinasagana kavu kwa sekunde chache zinazotosha kuziua. Fungua sampu uweke vizuizi vya bati vinavyozuia mafuta yasikimbie kuelekea pembeni, yakibakishwa karibu na mdomo wa pampu. Ukiwa ndani, angalia kama vipande vinavyong'aa vimelala chini. Ukiviona, beringi zimeshaanza kuliwa. Unapojaza upya, nunua mafuta ya pikipiki, kwa sababu klachi yako inaogelea ndani ya mafuta hayohayo, na baadhi ya mafuta ya magari huifanya iteleze.