Kazi Yangu Arusini Mwako: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu,

Asalaam alaikum. Umeniuliza kazi ya mama wa bwana arusi hasa ni ipi, kwa kuwa khalati zako wanakwambia nishike kila jambo, toka ukumbi mpaka nguo ya bi arusi, na mchumba wako ameanza kuingiwa na wasiwasi. Umefanya vyema kuuliza mapema, kabla ya kadi kupigwa chapa.

Kwenye nikahi yenyewe mimi simo. Anatakiwa mume, mke, walii wa mke, mashahidi wawili, na kauli ya kuozesha na kukubali. Nyinyi mtakwenda msikitini na babako na ami zako, mimi nitabaki nyumbani nafukiza udi na kuomba dua. Mahari nayo ni ya mke mwenyewe. Suratun Nisaa aya ya 4 imeamrisha wanawake wapewe mahari yao. Mimi sina fungu humo, na mamake pia hana. Alichokitaja binti, apewe yeye.

Mkaja ni jambo jengine. Hiyo ni zawadi ya mamake bi arusi, heshima ya kubeba mimba na kulea, na nataka nimpelekee mimi kwa mkono wangu. Mwanamke aliyezaa ndiye anayejua kumshukuru mzazi mwenziwe.

Siku ya kupamba ni ya kwao. Ukumbi wachague wao, mpambaji wao, nguo aitakayo binti mwenyewe. Somo wake, yule mwanamke anayemfunda, ndiye wa kumuelekeza, si mimi. Nitakwenda na wenzangu kama wageni, watupokee kwa mrashi na vikuba vya asumini, nikae watakaponiweka, nimtuze bi arusi mbele ya watu na vigelegele juu. Khalati zako niachie, nitasema nao.

Kazi yangu kubwa ni begi la nguo na zawadi tunalompelekea bi arusi, na hapo sitaki kusaidiwa na mtu mwenye haraka. Nitashuka Biashara Street siku ya asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, nichague leso, yaani khanga, moja moja na nisome jina la kila moja, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Mwenye duka akinipa fungu lililokwisha kufungwa, nitalifungua. Leso ya mafumbo ikiingia kwenye begi la mkwe, hata kwa kutoangalia, itasomwa na wanawake wote wa kwao siku begi likifunguliwa, na maneno yataanza kabla ya fungate kwisha. Nataka majina ya dua na mapenzi tu. Halafu madira, buibui, viatu, mkoba, udi mzuri na manukato. Dhahabu ni kwa uwezo wako. Usikope kwa ajili ya begi. Najua mabegi manne yanayopita mtaani yakipigiwa picha, na sitaki mkae mwaka mzima mkilipa deni la picha.

Walima ndio shughuli yetu, upande wa mume. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Basi pilau ya kutosha majirani na jamaa, pale pale mtaani, yatosha. Na waalikwe maskini, si wenye magari peke yao.

Kisha nitampokea. Akivuka kizingiti chetu nitamshika mkono mimi, nimkalishe, nimuite mwanangu mbele ya mawifi zake wote, ili wajue tangu siku hiyo anasemeshwa vipi. Nyumba yenu mkiwa nayo, sitaingia bila ya kubisha hodi wala sitamuuliza amepika nini. Akinijia kutaka ushauri, mlango wangu uko wazi.

Niulizie nambari ya kiatu chake, na kama anapenda manukato makali au mepesi. Mwambie pia aniandikie rangi asizozipenda, asione haya. Nataka kwenda dukani wiki ijayo.

Mamako