Ukitimiza miaka 18, rekodi zako za chuo ni zako

Hapa Malindi karo ya mtoto mmoja huchangwa na ukoo mzima. Mjomba hutoa, shangazi aliye Mombasa hutoa, harambee huitishwa. Ndiyo maana anayelipa huona ni haki yake kumwendea msajili wa chuo na kuuliza, "Kijana wetu kapata ngapi?" Na mara nyingi karani humkabidhi karatasi pale pale.

Nami ni mmoja wa wanaolipa, na nasema hilo si sawa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamruhusu mzazi au mlezi kutumia haki juu ya data, kama kuona rekodi, kwa niaba ya mtoto. Mtu mzima huwakilishwa na yule aliyempa idhini mwenyewe, na kulipa karo si idhini. Mpwa wangu nilimwambia, matokeo niletee wewe, na somo likikushinda nieleze kabla sijasikia kwa watu. Huniletea. Nawe mwanafunzi, usimrushie mjomba vifungu vya sheria usoni: mpelekee nakala kwa mkono wako, umwamkie, ukae naye.

Ukali uuweke kwa chuo. Chuo cha mpwa wangu kilibandika langoni orodha ya wadaiwa karo, majina kamili na namba za vitambulisho, na alasiri picha ya orodha hiyo ikawa imezagaa WhatsApp. Watoto wa watu walifedheheshwa kwa umaskini wa nyumba zao! Tuliandika barua tukitaja kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha. Orodha ikabanduliwa.

Barua yako iwe na tarehe na namba ya usajili, na iseme wazi unachotaka: kuona rekodi, kusahihisha jina au alama, au kupinga jinsi zinavyotumiwa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kwa kanuni za 2021 za sheria hiyo ya data, ombi la kuona data yako hujibiwa ndani ya siku 7 bila malipo, na la kusahihisha siku 14.

Wakinyamaza, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo. Uchunguzi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 90. Si ofisi ya kutishia tu: mwaka 2023 iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Nakala yenye muhuri iambatishe, ndiyo ushahidi wako wa kwanza.