Baba hakuwa wa Kagera tu

Swali la wiki hii mmeuliza ni nani aliyetangulia mbele ya haki ambaye tungependa watu wengine wamjue, na wamjue kwa lipi. Mi jibu langu ni baba. Msibani karibu kila aliyeshika maiki aliongelea vita vya Kagera, na ni haki yake, alienda akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ila mi nataka ajulikane kwa ile miaka mingi aliyovaa buti za zimamoto hapa Dar na jinsi alivyotulea, maana hiyo haikusemwa kabisa.

Vita niipitie kidogo. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, vijana wakaondoka. Baba anasema sehemu kubwa walitembea kwa mguu, wakapita Masaka, wakapigana Lukaya kwenye vinamasi Machi 1979, Kampala ikachukuliwa tarehe 11 Aprili. Wageni aliwapa stori hiyo na inaishia hapo. Sisi watoto tulijua pia kuna rafiki yake kalala Kaboya, kule Muleba kwenye makaburi ya wanajeshi, na akianza kumtaja huyo mama anatutoa nje tukacheze.

Alipotoka jeshini akaingia zimamoto, enzi hizo ilikuwa chini ya jiji, hii ya kuwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Mambo ya Ndani imekuja na sheria ya 2007. Alikuwa pale Fire, kituo ambacho kila konda wa Dar anakijua. Na kwa kweli kazi hii ilimchosha moyo kuliko vita, na wala sio moto wenyewe, ni matusi. "Mnakuja hamna maji!" Jamani gari lilikuwa linatoka limejaa, sema pampu ikifunguliwa yote yale maji yanaisha ndani ya dakika chache, inabidi likajaze tena, na yale mabomba ya barabarani ya kujazia mengine yamefukiwa mengine watu wamejenga fremu za maduka juu yake, af gari limeshahangaika kwenye kichochoro ambacho hata bajaji inapita kwa shida, na simu yenyewe imepigwa baada ya majirani kumaliza ndoo zao zote. Kuna siku walirushiwa mawe kioo kikapasuka, wakashuka hivohivo wakazima. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hawakugeuza gari. Akaniambia, "Mwanangu, yule nyumba yake inaungua, we ulitaka anisalimie?"

Bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 lililoua watu 11 hapa Dar, alikuwepo kazini. Alirudi usiku, hakula, na hakuwahi kutusimulia.

Sasa nyumbani. Mama alikuwa nesi, shifti zao zinapishana, kwa hiyo asubuhi nyingi ni baba aliyepika uji, akanichana nywele kwa mikono ile mikubwa mpaka machozi, akaninyooshea sketi ya shule. Vikao vya wazazi alikuja na yunifomu yake ametoka zamu moja kwa moja, ananuka moshi, anakaa mbele kabisa. Nilimpenda sana kwa hilo.

Af alikuwa na sheria zake. Jiko la mkaa halilali ndani hata mvua inyeshe vipi. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria unafunika na mfuniko, unazima jiko, usimwage maji hata tone. Usiku mwingine anazima taa ghafla anasema moto, na sisi wote tunatambaa mpaka mlangoni, maana moshi unapanda juu na hewa iko chini, na alituambia wengi huwa wanauawa na moshi kabla moto haujawafikia. Dirisha la chumba cha watoto alimwita fundi wa kuchomelea akate nondo, akaweka bawaba na kofuli, ufunguo unaning'inia ukutani usawa wa mkono wa mtoto. Majirani walimwambia wezi wataingia. Akasema mwizi atachukua redio.

Na mimi sasa nikitafuta nyumba ya kupanga naangalia madirisha kabla sijauliza kodi. Hapa tulipo nilimwomba mwenye nyumba nikate nondo za chumba cha wanangu kwa hela yangu, akakubali kwa shida, fundi akanicheka akidhani nimechanganyikiwa, akafanya. Wanangu hawajui sana mambo ya Kagera, nitawafundisha, ila 114, namba ya zimamoto, wanaijua kwa kichwa na kutambaa gizani wanaweza, hata yule mdogo.