Kabla ya Kubandika Mgongo wa Upinde, Kagua Tumbo Lake

Upinde wa mbao ukivutwa, pande zake mbili hupata taabu mbili tofauti. Mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, hunyooshwa. Tumbo, upande unaomwelekea mpigaji, hubanwa. Chochote utakachobandika mgongoni, kiwe kano, ngozi, kitani au ubale wa mwanzi, kitasaidia hilo la kwanza tu. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za kubandika mgongo wana upinde ambao ugonjwa wake uko tumboni. Upinde wa namna hiyo ukiuongezea kitu kigumu mgongoni, unazidi kuumia.

Kwa hiyo anza na ukaguzi. Legeza ugwe, ulaze upinde mahali penye mwanga wa pembeni, kisha pitisha ukucha taratibu juu ya tumbo, kutoka kwenye mshiko hadi nchani. Unatafuta makunyanzi madogo yanayokatiza mbao kwa upana. Mara nyingi jicho haliyaoni ila ukucha utakwama. Ukiyapata, ujue nyuzi za mbao pale zimeshavunjika kwa kubanwa, na hakuna kano wala ngozi itakayozirudisha. Dawa yake ni kuupunguza upinde nguvu: chonga sehemu zilizo ngumu mno, pande zote mbili za jeraha, ili mkunjo usikusanyike mahali pamoja. Dalili nyingine ya tumbo kuelemewa ni mikono ya upinde, yaani sehemu mbili zinazojipinda juu na chini ya mshiko, kubaki imejikunja kumwelekea mpigaji hata baada ya ugwe kuvuliwa. Mkunjo mdogo ni kawaida. Ukiwa mkubwa na unaongezeka kila unapopiga, habari ya mgongo iweke kando kwanza.

Sasa geuza utazame mgongo. Kwa upinde uliopasuliwa kutoka kwenye gogo, mgongo mzuri ni ule unaofuata pete moja ya ukuaji kutoka ncha hadi ncha bila kuikata. Kwa upinde wa ubao uliopasuliwa kiwandani, fuata mistari ya nyuzi mgongoni na ubavuni; pangusa kwa spiriti na itajitokeza vizuri. Mistari ikitoroka kuelekea ukingoni kabla ya kufika nchani, nyuzi zimekatwa hapo, na hapo ndipo kibanzi kitakaponyanyukia siku moja. Chukua pia donge la pamba ulipitishe mgongoni, kwenda na kurudi. Pamba ikiacha nyuzi zake mahali, pana kibanzi kinachoanza kuinuka hata kama mkono wako hausikii kitu.

Kama mgongo ni mzima na nyuzi zimenyooka, usibandike kitu. Nalisema kwa moyo wote, kwa sababu kila gramu unayoongeza kwenye mikono ya upinde, hasa karibu na ncha, inaupunguzia mshale kasi. Meli ya kivita ya Mary Rose ilizama Uingereza mwaka 1545, na ndani yake zilipatikana pinde ndefu, idadi yake zaidi ya 130, za yew, mti wa Ulaya. Kila moja imechongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Mbao changa ya nje, inayostahimili kunyooshwa, iliachwa mgongoni, na moyo wa mti, unaostahimili kubanwa, ukawekwa tumboni. Mti wenyewe uliwapa mgongo, kazi yao ikawa kuuchagua na kutouharibu.

Lakini kama nyuzi zimekatika, au pana fundo usiloliamini, au unataka upinde mfupi unaovutwa mbali, hapo kubandika kuna maana. Ngozi mbichi iliyokaushwa bila dawa, ya mbuzi au ndama, ni bima tu: inashika vibanzi visinyanyuke, lakini nguvu ya kurusha haiongezi. Tafuta nyembamba kabisa, isiyozidi milimita 1. Iloweke hadi ilainike, ibandike kwa gundi, uizungushie bandeji kuibana, uiache siku kadhaa. Kitani ni chepesi, rahisi kupatikana, na kwa maoni yangu hakithaminiwi inavyostahili. Tabaka mbili tatu za kitambaa cha kitani zinatosha kwa upinde wa ubao wenye nyuzi zisizotulia.

Ubale wa mwanzi au wa hikori, mti mgumu wa Amerika Kaskazini, ni kazi ya wakati upinde haujachongwa, si ukarabati. Unene wa milimita 3 hivi unatosha. Kwa mwanzi usiguse nyuzi za nje chini ya ganda, maana ndizo zenye nguvu. Kwangua tu ule utando unaong'aa. Mwanzi una nguvu sana ukinyooshwa, kiasi kwamba tumbo la mbao laini linaweza kupondeka chini yake. Ndiyo maana wachongaji wengi huupunguza upana mgongoni, ukikatwa mkono wa upinde utaona mgongo mwembamba na tumbo pana, ili pande mbili zilingane. Faibaglasi juu ya upinde wa mbao tupu siipendekezi kwa sababu hiyohiyo: ni ngumu kupita kiasi, na anayelipa ni tumbo.

Nakuja kwenye kano, ambazo ndizo ninazozipenda. Mbao nyingi hukatika zikinyooshwa kama asilimia 1 tu ya urefu wake; kano hunyooka mara kadhaa ya hapo kisha zikarudi. Upinde mfupi unaweza kuvutwa mbali bila mgongo kupasuka. Ishi, mtu wa kabila la Yahi aliyejitokeza California mwaka 1911, alitengeneza pinde fupi za mreteni akazibandika kano mgongoni kwa gundi aliyoipata kwa kuchemsha ngozi ya samaki samoni. Wainuit nao, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, ambao mbao zao nyingi ziliokotwa ufukweni na zilikuwa rahisi kuvunjika, walisuka kano kuwa kamba na kuifunga mgongoni bila gundi. Ila kano ni nzito kuliko mbao. Kwenye upinde mrefu unaokaribia kimo chako, sioni faida yake.

Chukua kano za mguu wa mnyama zilizokauka hadi zikawa ngumu. Ziponde kwa nyundo ya mbao juu ya gogo, kamwe si kwa chuma chenye kona kali, maana kitazikata. Zitaanza kuwa nyeupe na kuachana. Zichane kwa vidole hadi upate nyuzi, uzipange kwa urefu. Zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kuondoa mafuta, suuza sana, anika. Gundi ya ngozi, ile inayotokana na kuchemsha ngozi za wanyama, iloweke kwenye maji baridi hadi ivimbe, kisha ipashe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, isipite nyuzijoto 60 hivi. Ikichemka inapoteza nguvu.

Mgongo wa upinde ukwangue kwa msasa wenye chembe kubwa, upanguse kwa spiriti, na tangu hapo usiuguse kwa vidole, kwani mafuta ya mkono yanatosha kuiharibu kazi. Paka gundi nyepesi mara mbili tatu mpaka mbao iache kuinywa. Hapo ndipo unachukua fungu la kano lililolowa, unalichovya kwenye gundi, unalikamua kati ya vidole viwili, unalichana kwa kitana, unalilaza kuanzia katikati ya mshiko kuelekea nchani. Zipange kama fundi anavyopanga matofali: mwisho wa fungu moja usikutane na mwisho wa jirani yake. Chumba kiwe na joto, maana gundi ikipoa huganda kabla hujamaliza kulisawazisha fungu. Tabaka la pili lisubiri la kwanza likazike kwa siku kadhaa.

Kinachofuata ni subira. Kano zikikauka hujivuta na kuukunja upinde kuelekea mbele, na mkunjo huo unaongeza nguvu. Wiki kadhaa ni lazima. Kwa tabaka nene, miezi ni bora. Usiuanike juani wala karibu na moto, kwa sababu sehemu ya juu itakauka kabla ya chini na kupasuka.

Baada ya hapo chonga tumbo tu. Mgongo hauguswi tena na tupa wala msasa. Vuta kidogo kidogo, kila ukichonga uutazame ukijipinda ukutani ukiwa umevutwa kwa kamba ndefu kutoka mbali, uso wako usiwe mbele yake. Mikono miwili ikijipinda sawa ndipo uongeze urefu wa kuvuta.

Kibanzi kikinyanyuka katikati ya matumizi, acha kuvuta papo hapo. Tia gundi nyepesi inayokauka haraka hadi izame chini yake, uzungushie uzi wa hariri au kano mahali hapo, uache ukauke kabisa ndipo uamue kama unahitaji ngozi juu yake. Ufa unaokatiza mkono wa upinde kwa upana hautibiki. Upinde huo usivutwe tena na mtu yeyote.

Kano na gundi ya ngozi hunywa unyevu wa hewa. Paka vanishi au mafuta mazito juu yake, uvue ugwe kila ukimaliza kupiga, na siku za mvua nyingi tarajia upinde ulegee kidogo. Usiuchonge kufidia hali hiyo, maana hewa ikikauka utarudi kwenye nguvu yake.