Maswali na Majibu: Duka la Mtandaoni na Majedwali Yake

Mwalimu, nimepewa kazi ya kujenga duka la mtandaoni kwa mara ya kwanza. Nianze na kurasa atakazoziona mteja au na hifadhidata?

Anza na hifadhidata, na kabla yake shika kalamu na karatasi. Kaa na mwenye duka umwulize atataka kujua nini mwaka mmoja baada ya kufungua: nani alinunua, alinunua nini, lini, kwa bei gani, alilipa kwa njia gani, mzigo ulimfikia? Sikiliza majina yanayojirudia kinywani mwake. Mteja, bidhaa, oda, malipo, usafirishaji: hayo ndiyo majedwali yako, na kauli kama "oda moja huwa na bidhaa kadhaa" inakuonyesha yanavyoungana. Rangi ya kitufe utaibadilisha kwa dakika tano. Kupasua jedwali ambalo tayari lina oda elfu kumi ni kazi ya kukesha, tena roho ikiwa juu.

Jedwali langu la oda lina safu ya bidhaa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sasa amekuja mteja wa vitu vinne. Niongeze safu?

Usiongeze, kesho atakuja wa vitu tisa. Kinachoongezeka kiingie kama mstari mpya, si kama safu mpya. Ligawe jedwali hilo mara mbili: jedwali la oda lenye namba ya oda, mteja na tarehe, kisha jedwali la vipengee vya oda ambamo kila mstari una namba ya oda, namba ya bidhaa na idadi. Oda namba 318 yenye vitu vinne itakuwa na mstari mmoja kule na mistari minne huku, yote ikishikwa pamoja na ile 318. Wazo la kuunganisha majedwali kwa thamani zilizomo ndani yake lilitolewa na Edgar F. Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970, na programu za hifadhidata kama MySQL na PostgreSQL zimesimama juu yake mpaka leo.

Ukishagawa, iamuru hifadhidata yenyewe ikatae kipengee chenye namba ya oda isiyokuwepo. Usiiachie programu kazi hiyo, kwa sababu programu huandikwa upya na anayeiandika upya huenda asikumbuke. Na maadamu uko hapo, namba ya simu ihifadhi kama maandishi. Ukiifanya tarakimu za hesabu, sifuri ya mwanzo itapotea.

Tulipandisha bei wiki iliyopita. Mteja amefungua risiti yake ya zamani, anaona bei mpya na jumla isiyolingana na aliyolipa. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye kipengee cha oda: hakina bei. Risiti yako inachukua namba ya bidhaa, inakwenda nayo kwenye jedwali la bidhaa, inarudi na bei ya leo. Nakuelewa sana, maana nami nilifanya kosa hilihili katika duka la kwanza nililolijenga. Tulirekebisha bei asubuhi, na kufika jioni ripoti ya mauzo ya mwezi uliopita ilikuwa imebadilika bila mtu kuigusa. Mhasibu alikuwa na karatasi aliyoichapa wiki moja nyuma. Akaiweka kando ya skrini, namba hazikufanana. Ilitubidi tuzitafute bei za zamani kwenye kumbukumbu za malipo, oda moja baada ya nyingine.

Hapa wengi huniuliza: si ulitufundisha tusiandike taarifa moja mara mbili? Ni kweli, lakini hizi ni taarifa mbili. Bei iliyo kwenye bidhaa inasema tunauza kwa kiasi gani sasa. Bei iliyo kwenye oda inasema tulikubaliana kiasi gani siku ile, na makubaliano yakishafanyika hayafanyiki upya. Kwa hiyo mteja anapothibitisha oda, nakili ndani ya kila kipengee jina la bidhaa, bei, kodi na punguzo, na kwenye oda nakili anwani ya kupelekea mzigo, kwa kuwa watu huhama. Kwa sababu hiyohiyo usifute bidhaa uliyoacha kuiuza. Iwekee alama kwamba haiuzwi tena, ili oda zake za zamani zisibaki yatima.

Jumla ya kikapu inapishana kwa senti moja moja, na fomula nimeikagua iko sawa.

Fomula iko sawa, aina ya namba ndiyo mbaya. Umetumia namba za nukta inayoelea, na kompyuta huzihifadhi kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa mfumo huo 0.1 haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Jumlisha 0.1 na 0.2 katika lugha nyingi za programu, utapata 0.30000000000000004. Badili safu za pesa ziwe za desimali kamili, au hifadhi kiasi kwa senti kama namba nzima.

Ilibaki jozi moja ya viatu, wateja wawili wameilipia. Programu inakagua stoo kabla ya kuuza. Imewezekanaje?

Fuata tukio hatua kwa hatua. Ombi la mteja wa kwanza linasoma stoo: 1. Kabla halijapunguza, ombi la wa pili linafika na kusoma: 1. Yote mawili yameona kitu cha kweli. La kwanza linaandika 0, la pili nalo linaandika 0, na hakuna hata mstari mmoja wa programu uliokosea kwa upande wake.

Dawa ni kuacha kusoma kwanza na kuandika baadaye. Toa agizo moja: punguza idadi kwa moja pale ambapo bidhaa ni hii na idadi iliyopo si chini ya moja. Kisha iulize hifadhidata ni mistari mingapi imeguswa. Ikijibu 1, umeuza. Ikijibu 0, mwambie mteja bidhaa imekwisha, kabla hujagusa pesa zake. Kupunguza stoo, kuandika oda na kuandika vipengee vyake vifunge ndani ya muamala mmoja, yaani kifurushi cha maagizo ambayo hifadhidata huyakamilisha yote au huyafuta yote, ili umeme ukikatika katikati vyote vifutike pamoja. Ila usisubiri malipo ukiwa ndani ya muamala huo. Huduma ya malipo ikichelewa, mstari wa ile bidhaa utabaki umefungwa na wateja wengine watakwama nyuma yake. Mwekee mteja bidhaa kwa dakika 15, tuseme, na asipolipa irudi stoo.

Mtandao ukiwa mzito mteja hubonyeza "lipa" mara mbili, anakatwa mara mbili.

Ukurasa wa malipo unapofunguka, upe namba ya kipekee inayosafiri pamoja na ombi, na safu ya namba hiyo isikubali kurudiwa. Bonyezo la pili litakataliwa na hifadhidata, nawe mrudishie mteja jibu la lile la kwanza. Taarifa za malipo zinazoletwa na huduma ya malipo zitendee vivyo hivyo, maana nazo huweza kufika zaidi ya mara moja.

Kaka aliyenifundisha huunganisha maneno ya mteja moja kwa moja ndani ya agizo la SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Ni vibaya?

Ni hatari, acha leo hii. Mtu akiandika kwenye kisanduku cha barua pepe ' OR 1=1 -- badala ya anwani, maneno yake yanageuka sehemu ya agizo, na sharti lako linakuwa la kweli kwa kila mteja uliye naye. Tumia maagizo yaliyoandaliwa, ambapo agizo hutangulia na thamani hufuata kando. Nywila zipitishe kwenye Argon2 au bcrypt, njia za kuzigeuza zisiweze kusomeka tena, usizihifadhi zilivyo. Namba za kadi usizihifadhi kabisa, waachie watoa huduma ya malipo.

Nakala rudufu inachukuliwa kila usiku. Inatosha?

Umewahi kuirudisha? Chukua ya jana, iweke kwenye mashine nyingine, fungua oda ya mwisho, uone kama vipengee vyake na malipo yake vipo. Fanya hivyo wiki hii, na uandike imekuchukua muda gani.